Tafadhali ya Mahfoudh

Mume wangu Ghanim alikuwa mwalimu wa mpira. Unguja alisomesha hesabu chuoni, na jioni akawa na timu ya chuo, na timu hiyo ndiyo iliyompa jina. Vijana wakishinda, walimbeba mabegani mpaka mlangoni kwetu. Wakishindwa, mkuu wa chuo alimwita, akampa chai, akamwambia, "Mwalimu, tutaonana nao mwakani." Mshahara wake ulikuwa wa hesabu. Mpira hakuna aliyemlipa, na kwa hivyo hakuna aliyeweza kumfukuza.

Maskati mambo yalikuwa mengine. Tulifika mwaka wa sitini na nne, sisi wawili na binti yetu Rahila, wa miaka sita, na masanduku mawili. Skuli zilikuwa chache na zote zilisomesha kwa Kiarabu. Ghanim alikuwa Mwarabu wa jina na ukoo, lakini alikulia mtaa wa Ng'ambo, Unguja, kwa mama aliyesema Kiswahili tu, na Kiarabu chake kilikuwa cha sala. Mimi nililelewa Pemba na bibi yangu aliyezaliwa Nizwa, huko huko Omani. Mpaka anakufa alinigombeza kwa Kiarabu, basi nilikuwa nakisikia vizuri.

Aliyetupokea ni Mahfoudh, mfanyabiashara wa mchele wa Matrah, bandari ya jirani. Alikuwa na timu yake ya vijana wachukuzi wa bandarini, na alikuwa akiipenda kama wengine wanavyopenda ngamia wa mashindano. Alisikia kuna mtu kutoka Zinjibari anayejua kufundisha mpira, akamwita. Akampa rupia themanini kwa mwezi, gunia la mchele, na vyumba viwili nyuma ya ghala lake. Karatasi haikuandikwa. Siku tuliyohamia tulikuta mtungi umejazwa maji ya baridi na mkeka mpya umetandikwa, na mpaka leo sijui ni mkono wa nani.

Basi kazi na nyumba vilikuwa kitu kimoja. Mimi sikupata kuutazama mchezo wenyewe hata siku moja, maana walicheza Ruwi, ambako siku hizo kulikuwa na mchanga mtupu na kiwanja cha ndege. Lakini nilijua matokeo kabla hajafika mlangoni. Wakishinda, alikuja anazungumza na watu njiani. Wakishindwa, nilisikia kokoto tu chini ya viatu vyake.

Mwaka wa kwanza nilisikia mazungumzo. Mwaka wa pili vijana wawili waliokuwa nguzo ya timu walikwenda Kuwait kutafuta kazi, na nikaanza kusikia kokoto. Walifungwa mara moja, na watu wakasema ni bahati. Walifungwa mara ya pili, na mwenye duka tuliyekuwa tukinunua samli kwake akawa hamwamkii tena Ghanim. Mara ya tatu, Ghanim hata sokoni akawa hapiti kwa salama. Ishaq, fundi cherehani wa kwetu, alimpigia kelele toka kibarazani:

"Mwalimu Ghanim! Vijana wako wanafunga Ramadhani tu, bao hawalifungi?"

"Na weye kanzu yangu umeianza Ramadhani ipi?" Ghanim akamjibu, na watu wakacheka.

Alipofika nyumbani alinisimulia maneno hayo, akacheka tena. Kisha sahani ya wali aliisogeza kwa Rahila, akasema kashiba. Usiku alinambia, "Bi Masouda, mimi nna miaka khamsini na mbili. Nikitolewa hapa, nitakupelekeni wapi?" Nilimfunika miguu.

Jumamosi asubuhi alivaa kanzu safi, akasema anakwenda kwa Mahfoudh. "Muungwana hangoji kufukuzwa," alisema. "Nitamwambia mwenyewe."

Nilijua anachokwenda kufanya, maana ndivyo tulivyofanya kwetu. Mtu akiona kamuaibisha bwana wake, humwendea akamwambia, ikiwa sifai, nipe ruhusa nende zangu. Na bwana naye, akiwa anamtaka, husema, a'a, tafadhali, kaa. Haya inafutika pande zote mbili, na kazi inaendelea. Hakuna anayesema nitakwenda kwa sababu anataka kwenda.

Alirudi saa sita ya mchana. Nilisikia akizungumza na watu njiani.

"Mama Rahila! Weka chai!"

"Kuna nini, Baba Rahila?"

"Kaniomba nisende."

"Kakwambiaje?"

"Nimemwambia kwa Kiarabu, neno kwa neno kama nilivyokariri. Nimesema, ikiwa sifai, nakwenda zangu. Kanitazama. Kisha kainuka, tajiri yule, kaweka mkono kifuani, kasema, tafadhali. Mara mbili, Masouda! Tafadhali, tafadhali."

Birika lilikuwa mkononi mwangu. Sikulitia chini wala sikulipeleka jikoni.

Sisi tukisema tafadhali, tunaomba. Lakini neno hilo tumelichukua kwao, na wao hawalitumii hivyo. Wao humwambia mtu tafaddal wakimpa njia: pita, chukua, fanya utakavyo. Ghanim alikuwa akilisikia kila siku. Penye kahawa waliposema tafaddal, alidhani wanamuomba anywe. Mlangoni waliposema tafaddal, alidhani wanamuomba aingie. Ilimfurahisha kuwa watu wa Maskati wana adabu nyingi kiasi hicho. Na mwaka mzima sikupata kumsahihisha, kwa sababu mtu hunywa kahawa ile ile na huingia mlango ule ule.

Yeye alisema nakwenda zangu. Mahfoudh akamwambia, haya, pita.

"Mbona umenyamaza?" Ghanim akaniuliza.

"Nafurahi," nikasema.

Alikula siku hiyo. Alikula sahani mbili, akaramba vidole, akamwambia Rahila amletee ndimu zote zilizomo jikoni. Akazipanga juu ya mkeka, kumi na moja, na kokwa za tende upande wa pili. "Huyu ni Marhoon," alisema, akiigusa ndimu kubwa. "Nimekosea kumuweka nyuma. Nitamtia mbele." Rahila akalala kifudifudi, kidevu mikononi, akizisogeza kokwa kila alipoambiwa. Wiki hiyo meli mbili zilikuwa bandarini na vijana wote walikuwa wakipakua, basi hapakuwa na mazoezi mpaka Jumatano. Alikuwa na siku nne za kuzipanga ndimu zake.

Nilitaka kumwambia jioni ile. Nilimtazama anavyolala, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi bila ya kugeukageuka, nikasema moyoni, aupate usingizi wa leo tu. Kesho.

Na kesho yake nikapata sababu nyengine. Nilisema, Mahfoudh atamtuma karani wake kuja kutaka nyumba yake. Acha aambiwe na mwanamume mwenzake, nje, nami nitajifanya sijui kitu. Asivunjike mbele ya mkewe. Niliiona hiyo kuwa ndiyo stara. Nilijiona nimemfanyia jambo jema.

Jumapili hiyo, alasiri, Marhoon alikuja. Ndiye aliyekuwa mkubwa wa wachezaji, kijana mrefu, mabega yamechubuka kwa magunia. Alikuwa amekuja moja kwa moja toka bandarini na hakutaka kukaa kwenye mkeka asije akauchafua. Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu, mama yake ni mtu wa Chake Chake.

"Mwalimu, kule ghalani Ruwi, kiwanja cha ndege, wanataka karani wa kuandika Kiingereza. Nimewaambia nna mtu. Wanakusubiri kesho asubuhi. Kazi ya karatasi, mwalimu, hakuna wa kukuzomea."

Alisema haraka haraka, anatazama chini. Alikuwa ameona jinsi mwalimu wake anavyokonda, akakitumia kipindi chake cha kula kwenda kumuombea kazi.

Ghanim alimshika bega. "Mwanangu, Mungu akuweke. Lakini mtu kaniomba nibaki. Kaweka mkono kifuani. Nitamwachaje?"

"Mwalimu, unaweza—"

"Hata. Tukimaliza msimu huu, sawa. Hivi sasa nikimkimbia nitakuwa mtu gani?"

Marhoon akanitazama. Nilifungua mdomo. Nilikuwa nao wazi, wallahi, neno liko kwenye ulimi. Na Ghanim akageuka, uso wake umenyooka kama ulivyokuwa Unguja, akasema, "Mpe kijana maji, Mama Rahila." Nikampa maji.

Jumanne asubuhi Sayyida, mke wa Mahfoudh, alituma niitwe. Nilidhani ndiyo siku yenyewe. Nilijifunga buibui langu, nikaenda na maneno ya kuomba muda. Nilimkuta amekaa na sinia la halwa, akaniwekea mto mgongoni kwa mkono wake mwenyewe, akaniuliza kwa Kiarabu, kwa huzuni:

"Masouda, tumekukoseeni nini?"

"Nyinyi, bibi?"

"Mumeo kaja kusema anakwenda zake. Mahfoudh hakula siku ile. Kasema, mtu huyu nimempa nyumba, nilikuwa nataka kumuongeza rupia ishirini, na anaondoka kwa sababu tumefungwa mara tatu? Nikamwambia, mzuie. Akasema, mtu huru hazuiwi. Kataka kwenda, nimempa njia kwa heshima."

Nilishika ukingo wa sinia.

"Hakutaka kwenda," nilisema. "Bibi, hakutaka. Kwetu husemwa hivyo. Alikuwa anangoja aambiwe akae."

Sayyida alipofahamu alijipiga kifua, akainuka, akaenda mpaka kwenye pazia la baraza na kumwita mumewe. Nilimsikia akimueleza. Mahfoudh alikuja upande wa pili wa pazia. Sikumuona, niliona ncha za viatu vyake tu.

"Mama Rahila," alisema. "Jana baada ya adhuhuri nimepeleka telegramu Bahraini. Kuna mwalimu kule, ana watoto wanne. Asubuhi hii kajibu. Keshaacha kazi yake."

Niliuachia ukingo wa sinia.

"Jumamosi, Jumapili, mpaka jana mchana nilikuwa nangoja. Nilisema huenda akabadili nia, akaja. Lau mtu angekuja akanambia neno hili."

"Hakujua," nikasema. "Alidhani umemuomba abaki."

"Na wewe?"

Hakuuliza kwa ukali. Pengine aliuliza ili afahamu tu. Sayyida alisema kitu kwa sauti ya chini, na viatu vikaondoka. Nilipotoka alinitia mkononi halwa kwenye jani, ya mtoto, akanisindikiza mpaka mlango wa nje, jambo ambalo wanawake wa nyumba kama ile hawakuwa wakilifanya.

Nilimkuta Ghanim mkekani. Nilimwambia yote, nimesimama, halwa mkononi. Nilimwambia maana ya neno, na Mahfoudh alivyongoja, na yule mtu wa Bahraini. Mwanzo alitabasamu, kana kwamba namtania. Kisha akawa anazitazama ndimu.

"Umelijua lini?" aliuliza.

"Uliponambia."

"Jumamosi?"

"Jumamosi."

"Alipokuja Marhoon ulikuwa unalijua?"

"Nilikuwa nalijua. Nilitaka ulale, Baba Rahila. Ulikuwa hulali."

Angenigombeza ningeshukuru. Alivaa viatu, akatoka, akaenda Ruwi kwa miguu kwenye jua lile. Alirudi magharibi. Kazi ya ukarani ilikuwa imekwisha kuchukuliwa, jana yake, na mtu mwengine.

Mahfoudh alitupa muda mpaka yule mwalimu atakapofika, na akaleta magunia mawili ya mchele badala ya moja. Lakini Ghanim hakutaka kungoja. Ijumaa vijana wa timu walikuja, wote, bila ya kuitwa, wakatubebea vitu mpaka kibanda cha makuti tulichokipata Ruwi. Hakuna aliyefanya mzaha. Marhoon alimbeba Rahila juu ya masanduku ili asikanyage mchanga wa moto. Ghanim aliwashukuru mmoja mmoja kwa majina yao, akamwambia kila mmoja kasoro yake uwanjani na dawa yake, kama vile wana mchezo kesho. Kwangu alikuwa na adabu kama alivyokuwa daima. Aliniuliza chumvi iko wapi. Aliniuliza mtoto kala. Zaidi ya hayo hakusema nami.

Mwezi ule ule alikwenda Kuwait na kundi la watu wa kijiji cha Sidab, akapata kazi ya kulinda lango la kampuni. Mpira hakuufundisha tena. Fedha zilikuja kwa mkono wa wasafiri, hazikupungua wala hazikuchelewa, na pamoja nazo barua. Ziliandikwa jina la Rahila, mtoto wa miaka saba ambaye alikuwa hajajua kusoma maandishi ya kuunganisha, basi ilikuwa lazima nimsomee mimi. "Mwanangu Rahila," zilianza, na zikaeleza joto, na chakula, na paka aliyekuwa akilala kwenye kibanda cha lango; mimi sikutajwa. Nilizisoma kwa sauti mpaka mwisho, mtoto kaniegemea. Akishakimbia kwenda kucheza, niliigeuza karatasi nyuma, kisha nikaitazama bahasha kwa ndani.