Masikio ya Muntu Mwingine

Papa Symphorien alipofika kwenye beseni la samaki wadogo wa ndagala la Syntiche, pale mbele ya mlango wa bandari, hakuuliza bei. Alisimama tu, kofia mkononi. Syntiche akajua kuna maiti, maana mzee huyo ndiye aliyewazika watu wasiokuwa na wenyewe katika mtaa wao.

"Binti yangu, lile boti la Moba lililozama limetutupia muntu mwingine," akasema. "Kijana. Yuko kule kwenye hangari. Tumemupiga picha na telefone, lakini maji yamemuvimbisha. Watu wakiona picha wanageuza macho. Hakuna anayemujua."

"Pole, Papa."

"Wewe unajua kuchora. Umuchore vile alikuwa mbele ya maji kumuharibu. Tubandike hapa ukutani, watu wanaoshuka wamuone."

"Papa, niliacha."

"Ninajua uliacha. Na sababu ninajua."

Nani hakuijua pale bandarini? Zamani mkono wa Syntiche haukujua kukaa bure. Shule aliishia darasa la sita la primere, lakini kila asubuhi, wateja wakiwa bado, alikuwa anachukua kipande cha makala, kaa la jikoni, na karatasi ya mfuko wa simenti, anachora wasafiri waliokaa juu ya mizigo yao. Pua ya huyu, shingo ya yule, mama aliyelala mdomo wazi na kuku wake mapajani. Mifuko ya simenti aliletewa na mdogo wake Toussaint, aliyekuwa akibeba mawe kwa wajenzi. Halafu mwaka jana Toussaint alipanda boti kwenda Moba kutafuta maharage, boti likapinduka, na ziwa halikumrudisha. Tangu hapo makala yakawa ya kupikia tu.

"Huyu naye ana mama mahali, anamungoja," Papa Symphorien akasema. "Sawa na mama yako."

Neno hilo ndilo lililomwinua.

Hangarini walikuwa wamemfunika kijana yule kwa bache, turubai la mizigo. Papa Symphorien akaifunua mpaka kifuani. Syntiche alimtazama vizuri, mara moja, kama alivyozoea: kidevu kifupi, nyusi zilizokaribia kukutana, masikio yaliyosimama mbali na kichwa, la kushoto limechanika chini na kupona vibaya. Kisha akainamisha kichwa kwenye karatasi, na hakukiinua tena. Aliogopa. Mkono ulikuwa mgumu kama mlango wa nyumba iliyofungwa muda mrefu, na nje wachimbaji walikuwa wanaita kwamba kaburi liko tayari. Akachora haraka haraka, macho kwenye karatasi, mkono unakwenda wenyewe.

Kijana akazikwa siku ileile, karatasi ikabandikwa ukutani.

Kesho yake Mama Huguette, mama yake Syntiche, alipita hapo akimletea binti yake chakula. Sahani ilianguka kwanza, ndipo sauti ikatoka.

"Wamemupata! Wamemupata Toussaint wangu!"

Watu wakakimbia. Syntiche akamshika mabega. "Mama, si yeye. Ni muntu mwingine, nilimuona na macho yangu."

"Usiniambie si yeye! Nani alimuzaa, mimi ao wewe?"

Hapo Syntiche akaitazama karatasi kama mpita njia. Macho yalikuwa ya Toussaint. Mdomo wa Toussaint, na ile pembe ya kulia iliyokuwa inapanda kidogo akitaka kucheka. Kidevu chake. Cha yule maiti kilikuwa kitu kimoja tu: masikio.

Mama Claire, muuza mihogo wa jirani, alishika kiuno. "Eh, Syntiche! Hata ile mashini ya fotokopi ya pale biro ya bandari inatoa giza tupu, lakini angalau inatoa giza la muntu uliyemuweka!"

Wengine wakacheka. Papa Symphorien hakucheka wala hakugomba, na hilo liliuma zaidi. "Nilikupeleka kwa mutoto wa wenyewe," akasema, "ukarudi na wa kwenu. Na yule sasa yuko chini."

Mama Huguette aliibandua karatasi ile, akaenda kuitundika juu ya kitanda chake. Kila akiamka aliisalimu: "Toussaint, umelala vizuri?" Syntiche alikuwa anasikia, anakoroga uji.

Ndivyo alivyorudi kwenye kuchora. Si kwa furaha, na hakuna aliyemtia moyo. Aliuogopa mkono wake mwenyewe, mkono uliomnyima mama wa watu uso wa mtoto wake. Asubuhi iliyofuata alichukua kipande cha makala akaanza na vitu visivyo na uso: beseni, sandali iliyokatika, kichwa cha ndagala. Alijiwekea sharti moja. Kabla ya mstari, tazama. Baada ya mstari, tazama tena. Mkono ukitaka kwenda wenyewe, alikuwa anausimamisha hewani mpaka utii. Karatasi zote alizitumia kuwashia moto wa kupikia.

Mvua zikaja, maji ya ziwa yakapanda tena yakala sehemu ya ufuko, wauzaji wakasogezwa juu. Syntiche akachora chini ya bache. Akapanda mpaka kwenye vidole vya wabeba mizigo, halafu shingo, halafu nyuso. Zilikuwepo siku kila uso ulikuja na mdomo wa Toussaint. Siku hizo alichana, akauza samaki wake, kesho akarudia.

"Bado tu?" Mama Claire alimuuliza. "Kwani wanakulipa?"

"Hapana."

"Alors, sababu gani?"

"Najifunza kuona, Mama Claire."

Siku moja boti la Moba lilimshusha mama mwembamba, kitambaa cha kilio kichwani. Jina lake Mama Émérence. Alikuwa anamtafuta mwanawe Valère. Mwenyewe alikuwa mgonjwa tangu boti lilipozama, ndiyo sababu alikuwa amechelewa. Papa Symphorien alimwonyesha picha ya kwenye telefone. Akaisukuma kwa nyuma ya mkono.

"Hii njo nyama ya maji. Si mutoto wangu."

Akaja kukaa karibu na beseni la Syntiche, kungoja boti la kurudi. Hakuwa akilia. Alikuwa anatazama kila kijana aliyepita, mpaka anapotea, halafu anahamia kwa mwingine. Syntiche aliyajua macho hayo. Alikuwa anaishi nayo nyumbani.

Hakumuuliza mwanawe alifananaje. Aliogopa kwamba mama huyo akisema, mkono utasikia na kudanganya tena. Akafunga macho, akarudi hangarini kwa mawazo, akaifunua bache mwenyewe. Safari hii hakuinamisha kichwa. Alimtazama kijana yule muda mrefu, bila kuikimbia harufu, akaondoa uvimbe kidogo kidogo. Kidevu kifupi. Nyusi. Mdomo wa Toussaint ukaja, akaungoja upite. Alipofumbua macho, alichora kile alichokiona.

"Mama," akasema, "uangalie huyu. Kama si yeye, unisamehe."

Mama Émérence akaipokea. Kidole gumba kikaenda moja kwa moja kwenye sikio la kushoto.

"Hapa njo waya ya nyavu ilimukata," akasema polepole. "Mimi nilimushona na uzi wa nguo. Alikuwa analia, ananiambia, Mama, umeshona vibaya." Akainuka. "Amelala wapi?"

Papa Symphorien akatangulia, mama yule akafuata, karatasi kifuani. Kilio chake kilianza walipofika kwenye njia ya makaburini, na kilisikika mpaka bandarini.

Mama Huguette alikuwa amesimama nyuma na sahani ya chakula. Alikuwa ameona yote. "Huyu amepata mahali pa kulilia," akasema, akaenda zake.

Syntiche aliporudi nyumbani alimkuta mama yake mbele ya ile karatasi ya ukutani.

"Masikio haya si ya Toussaint."

"Ndiyo, Mama. Si yake."

"Nilijua tangu siku ya kwanza." Akaibandua, akaikunja, asijue aiweke wapi. Mwisho akampa binti yake. "Umupelekee yule mama. Sehemu yake imo."

Kisha akavuta kigoda, akakaa mlangoni penye mwanga.

"Watu wote walisema Toussaint alichukua uso wangu. Anzia hapa. Na uangalie kwanza."

Syntiche akaokota kipande cha makala, akatazama. Toussaint hakuwemo. Alikuwemo mama mmoja aliyechoka, mashavu yameingia ndani, amezeeka katika mwaka huu mmoja bila mtu kumwona.

Akatazama tena, akaanza na masikio.