Maji ya Mapatano

Gerishom, fundi wa baiskeli wa kijiji cha Ganda, alikuwa msuluhishi hodari, na asiyekubali hilo na aseme. Rushwa hakula. Tembo hakuonja mpaka kesi iishe. Alimsikiliza mtu bila kumkatiza hata mate yakamkauka msemaji. Kilema chake kilikuwa kimoja: hakuvumilia mtu amnunie, hasa mtu mwenye sauti kubwa.

Lewa alipofariki, mwaka ule wa njaa wa themanini na nne, aliacha wavulana wawili, mjane wake Mapenzi, na minazi aliyoipanda kwa mikono yake. Nduguze, Randu na Menza, hawakungoja hata matanga yaishe. Wakaanza kutishiana mapanga kwa ajili ya minazi hiyo. Mapenzi hakutaka makubwa: aachiwe minazi alee wanawe, na asirithiwe na mtu. Alimweleza Gerishom hayo mapema.

"Nimesikia, mama," Gerishom akamjibu. "Ngoja zamu yako."

Siku ya kikao Randu alifoka, Menza akafoka zaidi. Gerishom akawasikiliza wote wawili kwa upole wa kuudhi. Zamu ya Mapenzi haikufika. Heri Gerishom angekuwa mla rushwa. Mjane angeuza mbuzi akamnunua.

Kwetu ugomvi ukiisha, wahusika hujaza maji kinywani wakayatema, ndiyo hasira imetoka. Anayeyameza ameiweka hasira tumboni, na mtu huyo huogopwa kuliko nyoka. Gerishom akapitisha kata: Randu, Menza, kisha Mapenzi. Vinywa vilipokwisha kujaa ndipo akatamka.

"Randu atachukua minazi. Menza atamrithi Mapenzi. Hakuna aliyekosa."

Kinywa kimejaa maji, utapinga vipi? Randu akatema. Menza akamkagua mjane toka kichwani hadi miguuni, akatema. Mapenzi akameza.

Alidhani amewakomesha, maskini. Alijua mapatano yasiyotemewa si mapatano, basi kesi itaanza upya na safari hii atasema.

"Umemeza, mama?" Gerishom akauliza.

"Nimemeza. Sasa nisikilizwe."

Watu walirudi nyuma. Menza akasema halali nyumba moja na mwanamke wa namna hiyo, asije akaamka maiti. Randu akasema huyo akibaki, hata minazi haitazaa, na watoto wa marehemu wasiachwe mikononi mwake. Ndugu waliotaka kukatana mapanga asubuhi, sasa kauli yao moja. Gerishom hakuwahi kuona mapatano yakija upesi vile, na furaha ilimjaa usoni bila haya: Mapenzi aondoke, minazi wagawane nusu kwa nusu, watoto wabaki kwa baba zao.

"Gerishom, si uliniambia ningoje zamu yangu?" Mapenzi akalia.

"Umeipata, mama. Ukaitumia kumeza."

Mwanawe mdogo alimng'ang'ania leso. Randu akamfungua vidole kimoja kimoja, na hakuna kati yetu aliyemkataza.

Gerishom mwenyewe ndiye aliyembebea mzigo na kumsindikiza hadi barabara ya Malindi. Huko akamnyooshea mkono.

"Tuachane kwa amani, mama," alisema, na hakuondoka mpaka akapewa mkono.