Sekunde Kumi za Dirisha la Tatu

Saa mbili kasorobo asubuhi, Taous, fundi wa kompyuta, alikuwa amepiga magoti chini ya meza ya dirisha la tatu, katika ofisi ya vizazi na vifo ya mji mmoja wa milimani Kabylia, tochi kaibana kwa meno. Adapta ya mtandao, kijidude kisichozidi kidole gumba, ilikuwa imechomekwa kwenye tundu la USB. Kompyuta ikiwashwa haiioni. Ukiichomoa na kuichomeka upya, inaiona. Alishabadilisha tundu, akaleta na adapta mpya. Mambo yakawa yale yale.

“Inahesabu vifaa vyake kabla adapta haijaamka,” alimwambia Hocine, mkuu wa ofisi.

“Basi iamshe. Mimi kila asubuhi navutavuta hapo chini kama nakamua mbuzi.”

Taous akaiwasha tena, na safari hii akainuka kutazama. Kitini alikuwa ameketi Mokrane, karani wa dirisha hilo, aliyefariki miaka tisa iliyopita. Alivaa koti lake la kijivu. Kwa kidole kimoja aliibana adapta isiamke. Kwa mkono wa pili aliandika.

“Sogea kidogo, mzee, unaniziba.”

Mokrane akasogeza goti.

Tangu afe alikuwa akiandika neno moja tu. Miaka ile ya mauaji, watu wenye gari jeupe walimchukua Arezki, mtoto wa Mama Ouiza, mlangoni kwao, mkate bado uko mkononi. Mokrane aliamriwa na wakubwa aandike kwamba kijana amehama nchi. Akaandika, kwa sababu naye alikuwa na watoto. Sasa kila asubuhi, kabla mtandao haujaingia, hufuta na kuandika: alichukuliwa. Mtandao ukiingia, rejista ya mji mkuu hurudisha: amehama nchi.

Mama Ouiza anataka cheti kimoja kinachosema kweli, chenye namba. Namba hutoka mji mkuu. Kwa hiyo hupata kweli isiyo na namba, au namba isiyo na kweli. Kabati lake limejaa karatasi za kweli, zilizochapwa kabla ya mtandao kuingia, na hakuna mahakama inayozipokea.

“Usiitengeneze, mwanangu,” alimwambia Taous kupitia dirisha. “Asubuhi ndiyo namkuta Arezki wangu.”

“Nisipoitengeneza mimi, mama, kesho watamleta mwingine.”

“Na huyo nitamwambia hivi hivi.”

Hocine akakohoa. Taous aliona haya, kisha akaandika amri fupi: kompyuta ikiwaka, ingoje, halafu ikate umeme wa tundu na kuurudisha yenyewe. Kidole cha marehemu hakiwezi kuizuia amri hiyo. Sekunde moja ingetosha. Aliweka kumi, na Hocine hakuhesabu.

Tangu hapo dirisha linafunguliwa kwa wakati, na Hocine anakunywa kahawa yake ikiwa moto. Mama Ouiza hufika kabla ya wote, na wanamgeuzia kioo cha kompyuta aone. Mokrane hata alipokuwa hai hakuwa mwepesi wa kuandika. Siku nyingi huishia “alichuku”, na printa haiwahi kuchapa. Mama Ouiza huzisoma herufi hizo kwa sauti, moja moja. Kisha zinafutika, inaandikwa amehama nchi, na yeye humpisha anayefuata kwenye foleni.