Jina la Makaratasi

Amerika hii nimeizunguka: Louisville, Columbus, na sasa Buffalo kwa binti yangu Gentille, hapa mtaa wa Kensington-Bailey. Shule sikumaliza hata moja, lakini majina ya watu siyasahau.

Jumamosi nilimkuta anamsuka Teta, mjukuu wangu wa miaka tisa, aende mazoezi ya kwaya.

"Nani anamupeleka?"

"Bonheur, mwalimu wa kwaya. Iko na gari, anapitia watoto wote."

"Bonheur gani? Yule wa jino la mbele lililokatika?"

"Ni yeye. Unamujua, papa?"

Namjua sana. Kule Louisville, South End, tulifunga maboksi pamoja ghalani. Msimamizi akiita "Salomon Cubaka", Bonheur ndiye aliyeitika. Salomon mwenyewe alifia kambi ya wakimbizi, safari ya kuja Amerika imekaribia, na Bonheur akapanda ndege kwa jina lake. Hatukumcheka. Nani kati yetu hana jina la nyumbani na jingine la makaratasi? Nilikuwa nimeshahamia Columbus niliposikia amefungwa kwa kumharibu mtoto wa jirani.

Gentille akaacha kusuka. "Hapana, papa. Nilitafuta kwa simu, ile orodha ya serikali ya watu walifungwa juu ya kuharibu watoto. Niliandika jina yake, hakuna kitu."

"Uliandika jina gani?"

"Bonheur! Donc ningeandika nini?"

"Andika Salomon Cubaka."

Ikatoka picha, jino lile lile, na mtaa wake, vituo vitatu vya basi kutoka kwetu.

Honi ikalia. Nikatoka peke yangu. Gari lilikuwa bado tupu.

"Salomon!"

Akageuka kabla hajafikiri. "Mzee, hilo jina tuliache. Nilifungwa, nikamaliza. Nilipohamia hapa nikajiandikisha. Polisi wanajua mpaka namba ya gari. Nimeficha nini?"

"Umemwandikisha marehemu. Akina mama wanamjua Bonheur."

"Hawakuniuliza."

Hakusema uongo. Sheria ameitimiza yote, na sisi haikutufaa hata kidogo. Nikamwambia kwamba Teta haendi naye popote. Akawasha gari, akaondoka.

Ndani, Gentille alikuwa na Pasta Sipriani wa kanisa letu kwenye simu.

"Mama Teta, hayo nilijua. Alitubu mbele yangu. Tusimuvue ndugu nguo mbele ya watu."

"Na watoto ya watu, pasta?"

"Bon, tutaomba."

Gentille akamkatia simu, akaanza kuwapigia akina mama mmoja mmoja. Wa kwanza hakupokea. Wa pili alikuwa mama yake Nshuti, mtoto mwingine wa kwaya; Gentille akamwambia asimpe Salomon mtoto.

"Salomon? Huyo hatumujui," akasema huku anacheka. "Nshuti iko na Bonheur. Wametoka sasa hivi."

Gentille akapiga polisi. Wakamwuliza jina la mtu. Mdomo wake, kwa mazoea, ukasema Bonheur. Nilisikia mama yule wa polisi akibonyeza kompyuta, akibonyeza, kisha akisema hakuna mtu kama huyo.

Nikamnyang'anya simu.