Tarehe ya Kuajiriwa

Jina la Urvish lilitoka Jumatatu asubuhi kwenye kundi la WhatsApp la marubani. Zulekha Nampoto alilisoma akiwa kibarazani, ghorofa ya tatu, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, akianika shati lake la kazini. Urvish alikuwa amepandishwa kuwa kapteni, na wenzake walishaanza kumwaga pongezi. Zulekha naye akaandika "Hongera sana kaka", akabana kibanio cha mwisho kwenye kamba, kisha akaingia ndani kuvaa viatu.

Alikuwa na miaka sita kama rubani msaidizi katika kampuni ndogo yenye ndege tano za pangaboi, zinazokwenda Mafia, Mtwara na Songea na kurudi Dar. Urvish alikuwa na minne. Hii ilikuwa mara ya pili kwa Zulekha kurukwa. Mara ya kwanza alijiambia labda kuna kitu hakijakaa sawa upande wake, akaongeza bidii. Safari hii hakuwa na cha kuongeza. Kurusha ndege alikuwa anakujua, na alijua kwamba anakujua.

Alikata Mnazi Mmoja kwa miguu mpaka Mtaa wa Jamhuri, zilipo ofisi za kampuni, juu ya duka la dawa. Mkuu wa marubani, Kapteni Elisaria, mtu wa makamo anayekaribia kustaafu, aliitikia shikamoo yake na kumwonyesha kiti. Akaanza kumliwaza kabla hajaulizwa neno: asivunjike moyo, zamu yake inakuja, wakubwa wanamwona. Zulekha alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akaomba wafungue faili lake pamoja. Kapteni hakupenda, lakini alilifungua. Zilikuwemo ripoti zake za kupimwa angani, moja kwa kila miezi sita, na hakuna hata moja iliyokuwa na dosari.

"Nimepungukiwa na nini, Kapteni?"

"Hujapungukiwa na kitu."

"Basi mwenzangu alipimwa kwa kipimo gani?"

Elisaria alivua miwani, akaifuta taratibu kwa tai yake. Alieleza kuwa wenye kampuni hukaa, wakaangalia, wakaona nani anafaa. Utaratibu wa maandishi haukuwepo, na haukuwahi kuwepo tangu yeye ajiunge.

"Naomba niuandike mimi," Zulekha alisema.

Pengine ili kumaliza mazungumzo tu, Kapteni alimjibu kwamba marubani wasaidizi wote kumi na saba wakisaini, yeye ataupeleka juu. Zulekha aliona wazi kuwa mzee haamini kama siku hiyo itafika. Alimshukuru kwa heshima zote, akashuka ngazi.

Wiki mbili zilizofuata alizimaliza kwa kuzungumza na mtu mmoja mmoja. Alivuka Magogoni kwenda Kigamboni kumfuata mmoja nyumbani kwake. Mwingine, Jacqueline, alimkuta Mchikichini akijaribu viatu vya mitumba, wakazungumza hapohapo huku mguu mmoja ukiwa peku. Wengi waliogopa kwanza. Walimuuliza kama hajali kuharibiwa jina. Zulekha hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. Aliwaambia kuwa jina lake linatokana na kazi yake, na kazi hiyo iko kwenye faili, anayetaka aende akaisome.

Aliyempa kazi zaidi ni Urvish mwenyewe. Zulekha alimfuata kwenye duka la vitambaa la baba yake, mzee Ravindra, mtaa wa pili kutoka kwao, kwa sababu hakutaka ayasikie kwa watu. Urvish alimpokea vizuri, akamwagizia chai, lakini alikuwa amekaza uso. Alijua kuwa pembeni watu wanasema amepanda kwa urafiki wa baba yake na wenye kampuni.

"Nilifaulu mtihani kama mtu mwingine yeyote," alisema.

"Najua. Nimeruka na wewe. Na ukapteni wako sikunyang'anyi, utaratibu unaanza kwa nafasi zijazo."

Urvish alisema hatatia saini popote, kwani sasa ni kapteni na karatasi ile haimhusu. Ila kama wanatafuta mahali pa kukutania, juu ya duka kuna chumba, na Jumapili mchana hakina kazi. Zulekha alikubali. Alitamani zaidi ya hapo kutoka kwake, lakini hakumlazimisha.

Jumapili ile walifika kumi na watano, wawili wakiwa safarini na wameshasaini. Walikaa juu ya marobota ya vitambaa, feni ikizunguka, na Zulekha akawasomea ukurasa wake mmoja. Kila anayetaka ukapteni lazima awe na saa za kuruka zinazotakiwa na awe amefaulu vipimo. Miongoni mwa waliotimiza hayo, atatangulia aliyeajiriwa mapema zaidi. Orodha itabandikwa ukutani, kila mtu ajue yuko wa ngapi.

Vichwa viliitikia. Ndipo Jacqueline akauliza, "Na Bakili?"

Bakili alikuwa amekaa karibu na ngazi. Alikuwa mtu wa Newala, mkimya, mwenye miaka arobaini na minne. Aliajiriwa mwaka mmoja kabla ya Zulekha, kisha cheti chake cha afya kikasimamishwa kwa sababu ya moyo. Kwa miaka miwili hakugusa usukani, akafanya kazi ya kupakia mizigo na kupanga makaratasi, mpaka madaktari walipomruhusu tena mwaka uliopita. Saa alikuwa nazo, na vipimo amefaulu. Ukihesabu kuanzia siku ya kuajiriwa, wa kwanza ni yeye. Ukiitoa ile miaka miwili, wa kwanza ni Zulekha.

Jacqueline alipendekeza itolewe. Wawili watatu walimuunga mkono, wakisema hiyo ndiyo haki kwa aliyehangaika. Kisha wote wakamtazama Zulekha.

Hakuwa amemsahau Bakili, ila alikuwa ameogopa kumfikiria. Nafasi ya kwanza ingepatikana mwezi Machi, ndege mpya itakapofika, na alikuwa ameshajiona humo. Sentensi moja tu ya nyongeza ingetosha, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini angeiandika kwa kumtazama mtu, kama walivyofanya wale wa Mtaa wa Jamhuri. Na leo ni moyo wa Bakili. Kesho ni Jacqueline akitoka uzazi.

"Tarehe ya kuajiriwa ni tarehe ya kuajiriwa," alisema. "Mtu akiugua hajaacha kazi."

Bakili alikohoa kidogo. "Mimi sikuomba hilo, dada."

"Hakuna aliyesema umeomba. Njoo usaini."

Elisaria aliipokea karatasi yenye saini kumi na saba na kuzihesabu moja moja. Alitimiza ahadi yake. Wenye kampuni walivutana naye karibu mwezi mzima, wakaongeza kipengele kimoja, kwamba anayeshindwa kipimo mara mbili atasubiri mwaka. Zulekha aliulizwa kama ana pingamizi. Alisema hana, kwani yeye hajawahi kushindwa. Orodha ikabandikwa karibu na mlango wa chumba cha marubani.

Machi ilipofika, Bakili alivaa mistari minne ya ukapteni mabegani. Mama yake Zulekha hakulala vizuri wiki hiyo; alilalamika kwamba binti yake amepika na mwingine amepakua. Zulekha alimjibu kuwa sahani yake ni ya Juni, nafasi ya pili itakapopatikana, na kwamba hajawahi kuijua tarehe yake kabla ya hapo. Kazini aliona tofauti ambayo hakuitegemea. Hakulazimika tena kuchekacheka na wakubwa kwenye korido. Aliruka na Bakili kwenda Songea, Bakili kiti cha kushoto cha kapteni na yeye cha kulia, wakagawana kazi bila maneno mengi, na Bakili akamwachia atue wakati upepo ulipokuwa wa ubavuni.

Juni, Elisaria ndiye aliyempima. Walikwenda Mtwara na kurudi, mzee akimpa matatizo ya kubuni njia nzima, injini hii imezima, taa ile imewaka, na Zulekha akiyamaliza moja baada ya jingine kwa sauti ileile. Waliposhuka uwanjani Dar, Elisaria aliweka fomu juu ya begi lake, akaisaini hapohapo juani.

Alipomkabidhi, hakuiachia mara moja. Alisema yeye alikaa kiti cha kulia miaka kumi na moja, wengine wakimpita, na hakuna aliyewahi kumwambia kwa nini.

"Ulimuuliza nani, Kapteni?"

"Sikumuuliza mtu."

Zulekha alimpa pole, na aliisema kwa dhati. Mzee alitikisa kichwa, akavaa miwani, akamwambia asichelewe kesho: Songea, saa kumi na mbili asubuhi, Zulekha kushoto, Jacqueline kulia.