Molasi ya Waithira

Rosa alipofunua nailoni ya shimo alimovundika malisho ya ng'ombe, harufu ya uozo ilimpiga puani. Mabua ya mpunga aliyoyakatakata, akayanyunyizia molasi, ule uji mtamu mweusi wa miwa, na kuyashindilia kwa miguu mpaka magoti yakauma, yalikuwa yameota ukungu mweusi. Hii ilikuwa mara ya pili. Kiangazi kilikuwa kimekausha Nyakach yote, na ng'ombe wake wa maziwa alikuwa amebaki mbavu.

"Ni molasi," alisema. "Yule mama anaichanganya na maji."

Mumewe, Ondiek, alikuwa amesimama nyuma yake. "Labda," akajibu.

Yule mama alikuwa Waithira, aliyekuja kutoka Murang'a akafungua duka la chakula cha mifugo pale Katito. Rosa alimwendea siku hiyo hiyo, akamkuta na wateja.

"Umetoka mbali kote huko kuja kutuuzia maji?"

Waithira aliweka chini mtungi aliokuwa ameushika. Hakupandisha sauti.

"Nafunga duka. Twende unionyeshe hilo shimo."

Njiani Rosa alimtupia jicho la pembeni, akijiuliza huu ni ujanja gani. Mwenye makosa angefunga duka lake mchana? Au wajanja ndivyo wanavyofanya, ili uwaamini?

Walipofika, Waithira alipiga magoti akachimbua kwa mikono. Upande wa mbali wa shimo alitoa konzi ya mabua ya manjano, yenye harufu chachu na tamu kidogo. Akamnusisha Rosa.

"Hii imeiva vizuri, na molasi ni ile ile. Uozo uko kona hii tu, kwa sababu hewa imeingia. Mama, kuna mtu anafunua hii nailoni."

Rosa aliwaza haraka. Jirani? Shemeji yake, ambaye hakutaka shimo lichimbwe hapo? Kisha akaona udongo wa kona ile ulivyokanyagwa, na alama za akala, viatu vya tairi, zilizoelekea mlangoni kwake mwenyewe. Akamtazama Ondiek miguuni.

"Ni wewe?"

Ondiek alirudi nyuma hatua moja. "Yule ng'ombe wetu wa kwanza alikufa kwa kula mahindi yaliyooza. Sikuamini hiki kitu. Kila asubuhi nilikuwa nafunua kidogo, nanusa, nafunika."

"Na ukaniacha niende kumtukana huyu mama?"

Rosa alihisi uso ukimwaka. Alimgeukia Waithira. "Nisamehe."

"Umenitukana mbele ya watu," Waithira alisema, akijifuta mikono kwa leso. "Huku nyuma ya nyumba nani anasikia?"

Siku ya soko Rosa na mumewe walikwenda Katito wote wawili. Rosa aliomba msamaha dukani, wateja wakiwa wamejaa, na Ondiek, aliyekuwa akitokwa na jasho, akaeleza mwenyewe alichofanya. Mzee mmoja alicheka. Waithira aliwapimia molasi bila tabasamu.

Shimo jipya mume na mke walilishindilia pamoja, wakafunika nailoni kwa udongo mzito pande zote. Kwa wiki kadhaa Rosa aliamka kabla ya mumewe akazunguka shimo akikagua udongo, na Ondiek, akijua anatazamwa, akawa anapita mbali.

Walipolifungua, hapakuwa na ukungu. Ng'ombe alinusa, akasita, kisha akala mpaka akalamba beseni. Ondiek alicheka kwa furaha, akamgeukia mkewe. Rosa hakuwa tayari kucheka naye bado. Alijaza beseni tena.