Leso Nyekundu Mbele ya Lori

Abdille alikuwa dereva, tena dereva wa kujisifu. Miaka kumi na miwili alikuwa amesafirisha mbuzi kutoka Garissa, na dawa yake ya vumbi ilikuwa moja tu: washa taa zote, kanyaga mafuta, uliache nyuma. Asubuhi hiyo ya Julai 1974, kwenye mteremko wa Mbooni, aliijaribu dawa hiyo kwa ukungu.

Ukungu ulimrudishia mwanga wote machoni. Gurudumu la kushoto likakanyaga ukingo, mawe yakaporomoka bondeni, akafunga breki roho mkononi. Kando yake Mbula, aliyeshikwa na uchungu tangu jana, alipiga yowe. Mkunga alikuwa amesema mtoto amekaa vibaya; wasipofika hospitali mapema, watazikwa wawili. Na kijijini kote hakukuwa na gari jingine la kumpeleka ila lori la Abdille.

Kalondu, mama yake Mbula, alishuka bila kumwuliza mtu. Akajifunga leso nyekundu mgongoni.

"Ndeleva," akamwambia dereva kwa lafudhi ya kwao, "zima hizo taa kubwa, acha za chini. Nimebeba maji kwa hii barabara tangu nikiwa msichana. Wewe fuata hii leso, gia ya kwanza."

"Mama, kwa miguu? Si tutachelewa!"

"Tukianguka huko chini, ndio hatutafika kabisa."

Abdille akakimeza kiburi chake, na hakikuwa kitamu hata kidogo. Kila walipofika kwenye kona, Kalondu aliinua mkono. Abdille akapiga honi, akazima injini, wakasikiliza. Kona ya nne wakasikia mngurumo: lori la mbao lilikuwa likipanda, tena mbio.

"Egemea mlima!" Kalondu akapaza sauti, akiruka kando.

Abdille akawasha injini, akalibana lori lake kwenye ukuta wa udongo, akaikandamiza honi bila kuiachilia. Lile jingine likapita, vioo nusura vigusane.

Karibu na mto ukungu ukakatika, na jua likawaka. Kalondu akaingia ndani, ameloa hadi magotini.

"Sasa kimbia vile mnakimbianga kwenu!"

Abdille alikimbia kweli.

Saa saba mchana muuguzi alitoka akicheka: mama mzima, mtoto wa kike, sauti kali. Kalondu akapiga vigelegele hadi wagonjwa wakachungulia madirishani. Watu wakamzunguka Abdille kumpongeza. Alikuwa akilia, wala hakujificha.

"Msinishike mimi mkono," akawaambia. "Dereva ni yule mama. Mimi nilikuwa nashikilia usukani tu."